Biolojia Iliyopigwa Pasi

Watu wenye huruma siwapendi. Naliweka hili mbele mapema, ili anayetafuta habari za mwalimu mpole anayefuta machozi ya watoto akatafute kwingine. Nimefundisha elimu maalumu katika shule moja ya sekondari hapa Mtwara kwa miaka mingi, na sijaona mtoto aliyeharibiwa na ulemavu wake kama nilivyoona walioharibiwa na watu wa kuwaonea huruma. Mtu mkali unaweza kubishana naye mkaelewana au mkakosana. Mtu wa huruma anakusikiliza, anatikisa kichwa, anakwambia pole, halafu anakwenda kufanya kile kile alichokuwa anataka kufanya.

Shule yetu ni shule ya kawaida, ila ina kitengo. Kitengo ni neno kubwa. Chenyewe ni chumba kimoja nyuma ya jiko, zamani kilikuwa stoo ya kuni, na mpaka leo moshi wa maharage unaingia humo bila hodi. Nilikuwa na wanafunzi wachache, na mmoja wao alikuwa msichana wa kidato cha nne asiyeona kabisa. Huyo ndiye habari yenyewe.

Alitoka vijiji vya kule mbele ya Madimba, unakokaribia Ruvuma, kwa watu ambao babu zao walivuka mto kutoka Msumbiji wakabaki upande huu. Kwao wanaongea Kimakonde. Kiswahili alikikuta shuleni, akakichukua kwa namna yake, bila kuzungusha maneno. Sisi wa Mikindani tunaweza kukuomba maji ya kunywa kwa maelezo ya nusu saa. Yeye alikuwa anasema, "Nina kiu." Nilimpenda kwa hilo tangu wiki ya kwanza.

Baba yake hakuwepo, na kwa desturi ya kwao mwenye kauli juu ya mtoto ni mjomba. Mjomba huyo ndiye aliyemleta kidato cha kwanza, amemshika kifundo cha mkono kama mtu anayepeleka mbuzi mnadani. Aliongea mbele ya mtoto, kana kwamba asiyeona hasikii.

"Mwalimu, nimemleta kwa sababu mmeng'ang'ania. Lakini siku nikija nikakuta hasomi, namchukua. Nyumbani angalau korosho anaweza kuokota kwa kupapasa."

"Njoo siku yoyote," nikamwambia.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kamba aliyotembea juu yake mtoto yule miaka yote: asome, au akaokote korosho mpaka uzee. Alitaka kuendelea kidato cha tano. Alilisema waziwazi, na mwalimu yeyote aliyemsikia alijibu kwa sauti laini, "Inshallah, mwanangu," sauti ile ile unayompa mtoto anayesema atakuja kuwa rais.

Walimu wenzangu, Mungu anisamehe, walikuwa na shahada. Mkuu wa shule alikuwa akiongea na binti huyu kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. "Umekula, binti?" Dirisha linatetemeka. Siku moja binti akamjibu, "Mkuu, mimi sioni, nasikia." Mkuu akacheka, akazunguka ofisi nzima akisimulia kwamba mtoto ana utani, na kesho yake akaja na sauti ile ile. Mtaaluma wetu, yaani mwalimu anayesimamia masomo ya shule nzima, yeye hakuwa anaongea naye kabisa. Alikuwa anasimama mbele yake ananiuliza mimi, "Huyu ameshakula?" Namwambia, muulize. Ananigeukia tena: "Eti, ameshakula?" Na mwalimu wa Jiografia alifundisha mito yote ya Afrika kwa kidole: huu unaanzia hapa, unapita hapa, unaishia hapa. Nilimwomba ataje majina tu, basi. Akasema atawachelewesha wenye macho.

Na wageni je? Wageni wa kitengo walikuja na sukari, sabuni na fimbo nyeupe. Kila mgeni fimbo. Mtoto alikuwa na fimbo za kutosha kujengea banda la kuku. Karatasi nene za kuandikia, ambazo ndizo tulizolilia kila muhula, hakuna aliyeleta, kwa sababu karatasi haipendezi kwenye picha.

Kwa asiyejua: maandishi ya asiyeona huitwa nukta nundu. Ni vinundu vidogo vinavyotokezwa kwenye karatasi nene kwa mashine yenye vibonye, na msomaji anavisoma kwa ncha za vidole. Kinundu kikilala, herufi imekufa. Hakuna zaidi ya hapo. Mtoto wa chekechea anaweza kulielewa hili kabla ya uji.

Vitabu vya nukta nundu vya Biolojia hatukuwa navyo, kwa hiyo Biolojia ya binti ilikuwa ile aliyojiandikia mwenyewe. Mchana alikaa darasani, mwenzake wa dawati akimnong'oneza kilichopo ubaoni. Jioni alikuja kitengo, mimi nikasoma daftari la mwenzake, yeye akagonga mashine. Somo lile, kama masomo mengi ya sekondari, ni la Kiingereza, na mimi Kiingereza changu cha Biolojia kilikuwa cha kubabaisha. Tulikuwa tunabishana spelingi kuliko tunavyobishana mambo ya bweni. Kidato cha kwanza mpaka cha nne, ukurasa kwa ukurasa, akazifunga kwa uzi wa nyavu aliopewa na kaka yangu wa Ufukoni, akaziweka kwenye boksi lililokuwa la mafuta ya kupikia. Hilo boksi alikuwa analijua kuliko mimi ninavyoijua nyumba yangu. Ukimwambia figo, mkono unakwenda penyewe.

Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki mwezi na ushee. Nikapata msiba Mikindani, shangazi yangu, nikaenda kuzika na kukaa mpaka hitima. Huku nyuma mkuu akapata simu: kuna mgeni rasmi anakuja kutoka Dar, mtu wa shirika fulani, anataka kuona kitengo. Basi shule ikapatwa na homa. Mawe yakapakwa chokaa, hata mti uliokufa mbele ya ofisi ukapakwa. Na mzazi mmoja akaitwa aje kutoa shukrani. Wakamwita mjomba.

Niliporudi, siku moja kabla ya ugeni, nilimkuta binti kitengoni amekaa chini, mapajani ameweka rundo la vitu vinavyong'aa. Nikadhani ni menyu za hoteli.

"Shikamoo, mwalimu. Pole na msiba."

"Marahaba. Nishapoa. Hivyo ni nini?"

"Ni Biolojia," akasema. "Imekufa."

Nikachukua moja. Ilikuwa karatasi yake, ndani ya nailoni ngumu, kama wanavyolamineti vyeti pale steshenari. Nikaipitisha kidole. Ilikuwa laini kama sahani. Nikachukua nyingine, na nyingine. Boksi zima. Uzi wa nyavu ulikuwa umekatwa na kutupwa pembeni.

Nikaenda ofisini. Mtaaluma alikuwa anabandika ratiba ya ugeni, na aliponiona akatabasamu, nia njema imemjaa usoni. "Umeona? Zile karatasi za mtoto zilikuwa zinachakaa, zinatia huruma. Mkuu akasema tumtunzie. Tukazipeleka zikalaminetiwe zote, nyingine tutabandika ukutani wageni waone."

Nikamuuliza kama anajua mashine ya kulamineti inabana kwa moto.

"Tena ilitusumbua," akasema. "Karatasi zilikuwa na vipele vipele, mashine ikawa inazikataa. Ikabidi wasichana wa bweni wazipige pasi kwanza. Ndipo zikapita vizuri."

Nimeona ujinga mwingi katika maisha yangu, mwingine wa kwangu. Lakini ule ulikuwa na shahada, tai, na kalamu mbili mfukoni. Watu wazima walichukua maandishi, wakayaona ni ugonjwa wa ngozi, wakayatibu. Hawakumwuliza mwenyewe. Alikuwa darasani, hatua chache tu kutoka pale walipokuwa wanapasha pasi, lakini wangemwulizaje mtu ambaye hata chakula wanamwulizia kwangu?

Nikaingia kwa mkuu. Nikamweleza taratibu, maana nilijua nikianza kupaza sauti nitakuwa mimi mwenye makosa. Alinisikiliza, akatikisa kichwa, akasema pole sana. Kisha akasema ratiba imeshapita, mgeni ameshatumiwa, na binti atasoma mbele ya wageni kama ilivyopangwa.

"Atasoma nini?"

"Asome chochote. Wageni hawajui."

Nilirudi kitengoni nikalia. Si kwa huruma, kwa hasira, na binti akanisikia. Akaniuliza kama mjomba kweli anakuja. Nikamwambia ndiyo. "Basi wataninyang'anya shule kwa pasi," akasema. Kisha akaniambia nisigombane na mkuu tena, nimwache asome. Nilidhani amekata tamaa. Nyumbani, baada ya magharibi, hasira ilikuwa haijaisha, na mimi nikiwa na hasira lazima mikono ifanye kitu. Nikachukua mashine ya akiba na karatasi nene ya mwisho niliyokuwa nayo, nikamtungia zoezi la ufahamu la somo la Kiswahili. Nikaliweka kwenye mkoba.

Siku ya ugeni ukumbi ulijaa. Pilau lilikuwa linanukia kutoka jikoni. Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene mwenye leso, na leso aliitoa mapema, kabla hata hajaona cha kumliza. Mjomba aliketi mstari wa mbele, kanzu safi, kofia, mikono juu ya magoti. Mkuu akahutubia, kisha akamshika binti mabegani, akamsukuma hadi kwenye meza, akampa moja ya karatasi zile zinazong'aa.

"Sasa kijana wetu atatusomea sayansi kwa vidole," akatangaza.

Binti akaweka vidole kwenye nailoni. Akaanza. Kiingereza kilitoka vizuri, bila kukwama: safari ya chakula mwilini, kinywani, kooni, tumboni, utumbo mwembamba, utumbo mpana, mpaka kinapotokea. Alikuwa anasoma kwa kichwa, na vidole vyake vinatembea kama kawaida. Nikaelewa kwa nini aliniambia nimwache. Wageni waliposikia habari za kinyesi hawakukunja uso hata kidogo. Leso zikatoka. Makofi yakapigwa.

Mkuu akanogewa. Akampa karatasi nyingine, tena akaiweka juu chini. Binti akaipapasa kwa heshima, akaanza upya: kinywani, kooni, tumboni. Neno kwa neno. Makofi yakaongezeka. Mgeni rasmi alikuwa anafuta macho waziwazi. Karatasi ya tatu, safari ile ile ya chakula. Watu wale wote walisoma kwa Kiingereza, wengine ng'ambo, na hakuna aliyegundua kwamba wamelishwa utumbo mpana mara tatu kabla ya pilau. Hawakuwa wanasikiliza. Walikuwa wanamwangalia kipofu. Mimi nilikuwa naumwa mbavu kwa kicheko nilichokizuia, na najua naye alikuwa anacheka ndani kwa ndani, maana ile pembe ya mdomo wake naijua.

Mjomba akainua mkono.

"Samahani. Mimi lugha hiyo siijui. Lakini mbona maneno ni yale yale?"

Mkuu akacheka kidogo. "Mzee, hiyo ni sayansi. Si rahisi kuielewa mara moja."

"Sijasema sielewi. Nimesema ni yale yale." Akamgeukia mpwa wake. "Au mimi mwongo?"

Pembe ya mdomo ikashuka. Ule utani aliokuwa anawachezea wakubwa ulikuwa umemrudia mwenyewe. "Si mwongo, mjomba," akasema. "Karatasi hizi hazina kitu."

"Kwa hiyo husomi. Umekaririshwa." Hakusema kwa ukali. Alisema kwa ule utulivu wa mtu aliyepata alichokijia, na hapo nilimdharau kuliko mkuu, kwa sababu yeye alikuwa na akili ya kusikia na akaitumia kumzika mtoto. Akasimama, akanyoosha kanzu. "Sawa. Nenda kachukue vitu vyako. Gari linaondoka mchana."

Mtaaluma akatazama ratiba. Mkuu akatazama dari. Mgeni rasmi akamwuliza jirani yake kama hii ni sehemu ya igizo. Nyote mliowahi kuniambia niwe na subira na viongozi wangu, ningependa mngekuwepo mwone nyuso zile. Mtoto anapoteza shule mbele yao, kwa kosa lao, na hakuna aliyefungua mdomo kusema neno dogo tu: tulizipiga pasi.

Nikasimama mimi. Nikamwendea mjomba, nikampa ile karatasi ya nailoni. "Papasa." Akapapasa. Nikafungua mkoba, nikampa zoezi langu. "Na hii."

Akapitisha kidole gumba, polepole. "Hii ina vipele."

"Hivyo vipele ndiyo maandishi. Hizo nyingine zilikuwa navyo, miaka minne ya kazi yake. Shule imevipiga pasi juzi ili viwe safi. Hii niliyokupa nimeiandika jana nyumbani kwangu, yeye hajaigusa. Mpe mwenyewe."

Nilijua nilichokuwa nafanya. Katika ukumbi ule wote ni mimi peke yangu niliyejua kilichoandikwa pale.

Binti akaipokea. Vidole vikatua, na safari hii havikutembea kwa madaha. Vilisimama, vikarudi, vikaendelea. Alikosea neno la pili, akalisahihisha. Kisha akasoma kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya kila siku:

"Palikuwa na mkuu mmoja wa shule aliyependa vitu safi. Siku moja akakuta kitabu kina vipele mwili mzima. Akasema, masikini, kitabu hiki kinaumwa. Akaagiza pasi. Wakakipiga pasi mpaka kikapona. Kilipopona, hakikuwa na neno hata moja ndani yake, na mkuu akakitundika ukutani ili wageni waone kilivyo na afya." Akashusha vidole mstari wa chini. "Maswali. Swali la kwanza. Katika habari hii, mgonjwa ni nani?"

Wanafunzi waliokuwa wanachungulia madirishani ndio walioanza kucheka. Mgeni rasmi, nasikitika kusema, alipiga makofi. Alisema ni hadithi nzuri, yenye mafunzo ya afya. Mkuu alikuwa ameiva masikio. Mjomba alibaki amesimama na ile nailoni mkononi, anaipapasa, anaigeuza, anaipapasa tena.

"Umesoma hiyo," akasema hatimaye.

"Nimesoma, mjomba."

"Hukuwa unaijua."

"Ningeijua nisingekosea lile neno."

Akairudisha nailoni mezani, akakaa. "Haya. Baki. Korosho zitaokotwa." Hakumwomba radhi, wala sikumtarajia. Pilau alikula vizuri sana.

Mkuu aliniita baadaye, akasema nimemdhalilisha mbele ya mgeni. Nikamwambia habari ile haina jina la mtu, kama kuna aliyejiona ndani yake ni ufahamu mzuri. Aliniahidi uhamisho kwenda Mpapura, huko vijijini. Haukuja, nadhani kwa sababu angelazimika kutafuta mwingine wa kukaa na moshi wa maharage.

Lakini Biolojia ilikuwa bado imekufa, na mtihani haukungoja. Karatasi nene hazikuwepo. Mgeni rasmi alituachia fimbo. Nikazunguka maduka ya Ufukoni kuomba kalenda za zamani, zile za ukutani, maana karatasi yake ni ngumu na inashika nukta. Darasa lake likajipanga lenyewe, bila mwalimu kuambiwa: kila jioni mmoja anasoma daftari, binti anagonga. Figo zikakaa nyuma ya mwezi wa Machi. Moyo ulikuwa nyuma ya picha ya kiongozi fulani anayetabasamu, na binti alipoambiwa ni picha ya nani akasema hapo moyo umepata makazi mabaya. Vidole vyake vilivimba. Hatukumaliza yote. Uzazi wa mimea hatukuufikia kabisa, akaingia nao mtihani kwa alichokumbuka.

Alifaulu. Biolojia hakupata alama ya kutangazia, ila ilitosha, na Kiswahili na Historia zilimbeba. Akapangiwa kidato cha tano mkoa mwingine, shule inayopokea wasioona. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga na boksi lake, kalenda zimefungwa kwa uzi mpya wa nyavu, akakataa kumpa mjomba alibebe. Mjomba alitembea nyuma yake, mikono mitupu.

Zile za nailoni alituachia. Mkuu alizitundika ofisini kwake, safu nzima, ndani ya fremu. Zipo mpaka leo. Wageni wanaokuja huinuka kitini, wakazipapasa kwa ncha za vidole, wakafumba macho kidogo, wakasema ajabu, hawa watoto wana vipaji. Nimesimama mlangoni nikiwatazama mara nyingi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza zimeandikwa nini.